Kutumia Mashine ya Kusisimua Neva kwa Maumivu Sugu ya Uso

Kabla ya kununua mashine hii, inayopitisha umeme hafifu kwenye ngozi kupitia vibandiko, hakikisha daktari amekupima, kwa kuwa maumivu ya uso yana vyanzo vingi na jino bovu haliponi kwa umeme. Kwa mkazi wa Dodoma, safari ya kwanza iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au ile ya Rufaa ya Mkoa. Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiitumie kabisa, na mwenye kifafa au mjamzito asubiri ruhusa ya daktari.

Osha uso kwa sabuni na uukaushe vizuri, maana vumbi na mafuta ya kujipaka (ambayo wengi wetu huyazidisha upepo wa Juni unapokausha ngozi) huzuia vibandiko kushika, na kibandiko kilichoachia pembeni huchoma kama siafu. Bandika viwili vidogo kandokando ya sehemu inayouma, mbali na macho na kamwe si mbele ya shingo. Pale ambapo hata mguso wa kanga huamsha maumivu, paache. Anzia nguvu ya umeme sifuri, uipandishe polepole hadi uhisi mtekenyo usiouma. Misuli ikirukaruka, umezidisha. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa kuanzia.

Mtekenyo huo hushindana na ishara za maumivu zinazoelekea kwenye ubongo, wazo lililotokana na nadharia ya watafiti wa maumivu Melzack na Wall ya mwaka 1965. Nafuu mara nyingi hufifia baada ya kuzima, kwa hiyo usiache karbamazepini (dawa ya maumivu ya neva) uliyoandikiwa. Zima mashine kwanza, ndipo ubandue.