Somo: Je, ununue pleya ya muziki au simu inakutosha?

Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani, kabla hujapanda daladala kwenda sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Chunguza nyimbo zako zinatoka wapi. Ukizisikiliza kwa bando, achana na pleya ndogo, kwa kuwa nyingi hucheza mafaili yaliyohifadhiwa tu. Lakini kama nyimbo ziko kwenye memori kadi, na simu hiyo hiyo ndiyo unayoitegemea kupokea fedha na kuongea na wateja hadi jioni, pleya itaiokoa chaji yako.

Hatua ya pili ni hesabu. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani MB 1 kwa dakika, hivyo kadi ya GB 8 hubeba karibu nyimbo 2,000 za dakika nne nne. iPod ya kwanza, pleya ya Apple iliyotangazwa Oktoba 2001 kwa dola 399, ilikuwa na GB 5 tu, kwa hiyo usikubali kulipia nafasi usiyoihitaji.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kujaribu dukani kwa kadi yako mwenyewe, tena iliyojaa. Chomeka hedifoni, zungusha plagi taratibu kwenye tundu lake, na sauti ya sikio moja ikikatika irudishe pleya hapo hapo. Kisha funga macho ubonyeze vitufe: katika baridi ya Julai, mkono ukiwa ndani ya koti, kitufe kinachotambulika kwa kidole kina thamani kuliko kioo kikubwa.

Kadi ya kuuziwa pamoja na pleya iogope. Mimi niliwahi kuuziwa iliyoandikwa GB 64. Majina ya nyimbo yalionekana yote, lakini za mwisho hazikulia hata moja, kwa sababu kadi bandia hutangaza nafasi isiyokuwa nayo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Kadi yangu ya GB 64 inasoma kwenye simu, ila pleya inaikataa.

Jibu: Marahaba. Kadi za ukubwa huo huja na mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao exFAT, na pleya nyingi za bei nafuu zinaelewa FAT32 peke yake. Nakili nyimbo kwanza, maana zitafutika, ndipo uifomati iwe FAT32 kwa kompyuta. Ikishindikana, tumia ya GB 32.

Mwanachama, Makambako: Kwa nini redio ya pleya hukoroma nikichomoa hedifoni?

Jibu: Waya wa hedifoni ndio antena, kwa hiyo uache umenyooka. Mawimbi ya FM pia huzuiwa na milima. Ukiwa bondeni, panda kidogo kabla ya kumlaumu muuzaji.

Mwanachama, Njombe: Asubuhi chaji huisha upesi. Betri imekufa?

Jibu: Huenda ni baridi tu. Ilaze pleya mfuko wa ndani usiku mmoja, kisha uipime tena adhuhuri.