Kuhamia mtaa uliojengwa kuzunguka shamba

Kwenye picha za wauzaji mtaa wa namna hii huvutia: nyumba zimejipanga, katikati bustani ya mboga, ukingoni miti ya matunda. Lakini raha ya kuishi humo inategemea zaidi makubaliano yanayoliendesha shamba kuliko nyumba yenyewe. Anza na karatasi, vyumba utavikagua baadaye.

Hati kwanza

Omba uonyeshwe mambo manne kwa maandishi. Ardhi ya shamba ni ya nani, na ipo sheria au sharti gani linalozuia isikatwe viwanja? Bila zuio hilo, shamba ni kiwanja kinachosubiri bei. Mkulima analipwa na nani? Shamba linaloishi kwa mauzo pekee huyumba msimu mmoja tu ukiharibika. Linaloishi kwa ada ya wakazi utalilipia hata usipokula jani. Maji yanatoka wapi, na yakipungua nani anafungiwa kwanza, shamba au nyumba? Mwisho, dawa zipi hupulizwa, na wakazi hujulishwa saa ngapi kabla?

Kisha tembelea mara mbili: alfajiri, uyasikie matrekta na pampu, na mchana wa joto wenye upepo, uisikie harufu. Jua upepo wa kawaida unatokea upande gani. Nyumba inayopokea upepo uliopita kwenye banda na lundo la mboji si ya kununua, hata ikiwa na mandhari gani.

Tazama pia njia za maji ya mvua. Village Homes huko Davis, California, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970, hauyaingizi maji hayo kwenye mabomba ya chini. Huyapitisha kwenye mitaro ya wazi yenye mimea yakazama ardhini. Mfumo huo una udhaifu mmoja: mkazi akiufukia mtaro ili apate pa kuegesha gari, anayefurika ni jirani wa juu yake.

Kapu la mavuno

Uliza kapu, yaani fungu lako la mavuno ya shamba, huja mara ngapi, kwa majuma mangapi, na lina uzito gani. Kama hujazoea, chukua nusu kapu msimu wa kwanza. Wengi huchukua zima, na juma la tatu mboga zinaozea kwenye friji.

Siku ya kapu tenga nusu saa. Majani laini yaoshe, yakaushe vizuri, yafunge kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uyaweke penye baridi. Karoti na mizizi mingine ikate majani ukibakiza sm 2, kwa sababu majani huendelea kuvuta maji na mzizi hulegea. Nyanya zikae nje ya friji, maana baridi ya chini ya nyuzi 10 huua ladha. Matunda yanayoiva yatenge na mboga za majani: hutoa gesi ya ethilini, na majani hugeuka njano haraka. Pika majani siku tatu za mwanzo, mizizi na maboga yasubiri.

Lundo la mboji

Hapa ndipo mitaa mingi huharibikiwa, na mara nyingi kosa huanzia majumbani. Lundo liwe na angalau mita 1 kila upande, na kimo hichohicho. Dogo kuliko hapo halishiki joto. Kwa kila ndoo 1 ya vitu vibichi (maganda, mabaki ya mboga, nyasi zilizokatwa leo) weka ndoo 2 hadi 3 za vikavu: majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa, katoni isiyo na nta. Finya konzi moja. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ongeza vikavu.

Baada ya siku chache katikati pafike nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Pima kwa kipimajoto kirefu, mkono hudanganya. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka lundo la kugeuzwa likae kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe mara 5 ndani ya siku hizo ili kila sehemu ipitie katikati. Likikaribia nyuzi 70, ligeuze mapema, la sivyo vijidudu vinavyolifanyia kazi vitakufa.

Harufu itakuambia kosa. Yai viza: limelowa na halipati hewa. Mkojo: nitrojeni imezidi, ongeza vikavu. Limepoa bila kunuka: ni kavu mno au ni dogo. Panya wakija, mtu ametupa nyama, maziwa au chakula kilichopikwa. Kinyesi cha mbwa na paka hakiingii kabisa.

Hatari kubwa haionekani wala hainuki. Baadhi ya dawa za kuua magugu, hasa klopiralidi na aminopiralidi, hudumu ndani ya lundo; hupita hata tumboni mwa ng'ombe au farasi aliyekula nyasi zilizopulizwa, zikarudi shambani kwenye samadi. Kiasi kidogo sana hukunja majani ya nyanya na maharage. Uani mmoja uliopulizwa waweza kuharibu mboji ya mtaa mzima, kwa hiyo nyasi zake zisiletwe.

Samadi au mboji usiyoijua asili yake ijaribu kwanza. Jaza vyungu 3 kwa mchanganyiko wake na udongo safi nusu kwa nusu, na vyungu 3 kwa udongo huo peke yake. Panda maharage matatu kila chungu, ngoja majuma 3. Majani mapya yakijikunja kama kikombe kwenye vyungu vya mboji tu, usiipeleke shambani.

Tuta lako mwenyewe

Chagua sehemu inayopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Upana usizidi m 1.2, ufikie katikati bila kukanyaga. Urefu wa m 3 unatosha kuanza. Bila mvua, tuta hilo huhitaji lita 90 hivi kwa juma (lita 25 kwa kila mita ya mraba), zigawe mara mbili au tatu, asubuhi. Kunyunyiza kidogo kila siku hulea mizizi ya juujuu. Samadi mbichi iingie angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, angalau siku 90 kwa yasiyogusa.

Zamu

Zamu za wakazi za kazi ya shamba ziandikwe zikiwa na jina, siku na saa. "Tutasaidiana" huishia kwa watu wawili walewale. Kila zamu iwe na kazi moja inayoonekana imekwisha: kugeuza lundo, kupalilia matuta matatu, kusafisha chujio la mabomba ya matone. Hilo la chujio husahaulika sana. Likiziba, mwisho wa bomba hukauka na watu hulaumu mbegu. Asafiriye aandike nani atamwagilia tuta lake, na baada ya siku ngapi mavuno yake yaruhusiwe kuchumwa na wengine.