Filamu ya kutisha kwa siku mbili, kwa mbinu za drive-in

Filamu za kutisha zilizojaza viwanja vya drive-in (sinema za wazi za kutazamwa ukiwa garini) vya Marekani kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970 zilitengenezwa kwa pesa ya kuungaunga. Mtazamaji alikaa ndani ya gari, spika moja imening'inia dirishani, skrini iko mbali na giza halijakolea. Waliowahi kuingia Belle Vue au Fox za Nairobi, au drive-in ya Dar es Salaam pale ulipo ubalozi wa Marekani leo, wanajua shida yake: mnong'ono haufiki, na picha yenye vivuli hafifu inageuka uji. Ndiyo maana watengenezaji wale walitegemea vitu vichache vinavyofika mbali: uso, sauti, na umbo jeusi mbele ya mwanga mkali. Kamera ya simu nayo ni dhaifu gizani, kwa hiyo mbinu zao zinaingia vizuri katika kazi ya leo.

Hesabu zilizo hapa ni za filamu ya dakika 10: waigizaji 4, watu 3 nyuma ya kamera, Jumamosi na Jumapili.

Mahali kwanza, hadithi baadaye

Mwaka 1960 mwongozaji Roger Corman alitoa The Little Shop of Horrors, iliyopigwa kwa siku mbili na usiku mmoja, kwa gharama ya dola kama 30,000. Iliwezekana kwa sababu alitumia seti zilizokuwa zimeshajengwa, na Charles B. Griffith akaandika hadithi ya kuzitosha. Herk Harvey, mwongozaji wa filamu za mafunzo kule Lawrence, Kansas, aliliona jengo la starehe lililotelekezwa la Saltair, kando ya ziwa la chumvi la Utah, na Carnival of Souls ya mwaka 1962 ikazaliwa humo. Nyumba ya Night of the Living Dead, filamu ya mwaka 1968 ya maiti wanaofufuka, iliyokuwa karibu na Evans City, Pennsylvania, ilikuwa inangoja kubomolewa. Milango yake ingeweza kupigwa misumari bila mwenye nyumba kulia.

Tafuta basi nyumba yenye korido na milango miwili ya kutokea, ambayo mwenyewe ataitoa kwa siku mbili kwa maandishi. Ikague saa ileile utakayopiga picha, maana nyumba tulivu saa nne asubuhi inaweza kupakana na baa inayoanza muziki saa mbili usiku. Hesabu soketi, jua mita ya umeme ina uniti ngapi, sikiliza mbwa wa jirani. Hapo ndipo uandike kurasa 10, na kila jambo litokee humo ndani au uani.

Pesa iende kwa mwigizaji

Kinyago cha bei rahisi kinaonekana ni kinyago baada ya sekunde mbili. Uso wa mtu aliyeogopa kweli unabeba dakika nzima. Sehemu kubwa ya bajeti iwe nauli, chakula na malipo ya waigizaji. Jini lenyewe lionekane mara tatu tu: kivuli, mkono, na uso mwishoni.

Unapowajaribu, usianze na yowe. Mkalishe mtu kwenye kiti, kamera usoni, mwambie asikilize mlango ukibishwa nyuma yake kwa sekunde 30 bila kugeuka. Anayetoa macho na kuachama mdomo papo hapo mshukuru aende. Anayeacha kupumua, huyo mchukue. Yowe lijaribiwe mwisho, naye akiwa mita tano kutoka kwenye maiki.

Mwigizaji Duane Jones aliipata nafasi ya Ben, mhusika mkuu, katika Night of the Living Dead kwa kuwashinda wenzake kwenye majaribio. Mhusika alikuwa ameandikwa kama dereva wa lori mwenye maneno makavu. Jones aliyaandika upya maneno yake, na filamu ikapata mtu mtulivu anayefikiri huku nyumba imezingirwa. Fanya hivyo kwenye mazoezi: mswada mwingi wa Kiswahili umeandikwa kwa lugha ya taarifa ya habari. Mtu anayekimbia mauti hasemi "Tafadhali nisaidie, ninafuatwa." Anasema "Fungua! Fungua bwana!" Mwachie mwigizaji aiseme sentensi kama angeisema nyumbani kwao, kisha andika alichosema, ili shoti (kipande kinachopigwa kwa mkupuo mmoja) ya pili isitofautiane na ya kwanza.

Mtu mwenye sehemu ndogo naye aicheze kwa uzito wote. Katika The Little Shop of Horrors, Dick Miller ni mteja anayekula maua, na anayatafuna kama mtu aliye kwenye chakula cha mchana. Hakonyezi, haombi kuchekwa. Ndiyo maana anachekesha. Vincent Price, mwigizaji wa filamu za kutisha, alikuwa na hadithi za ajabu zaidi ya hiyo, akazibeba kwa sauti iliyonyooka. Mwigizaji anayeidharau filamu ya kutisha huonekana kabla hajafungua kinywa.

Kazi zigawanywe. Karl Hardman na Marilyn Eastman walicheza mume na mke waliojificha chini ya nyumba katika Night of the Living Dead, na wakafanya kazi nyingine nyuma ya kamera, zikiwemo za vipodozi. Harvey aliongoza Carnival of Souls na akacheza mwenyewe mzuka wa uso mweupe. Griffith ndiye sauti ya mmea unaokula watu katika The Little Shop of Horrors. Kwa watu 4, mmoja ashike mavazi na mwingine taa wakati hayupo kwenye shoti. Mhusika mkuu tu ndiye asipewe kazi ya pili, kwani onyesho lake la mwisho ni la usiku na atafika amechoka.

Ukimpata mwigizaji maarufu kwa nusu siku, mswada uwe umekamilika kabla hajafika. Corman alipobaki na siku chache za Boris Karloff baada ya The Raven, alizitumia kwenye The Terror kabla hadithi haijaeleweka. Sehemu nyingine zilipigwa baadaye, na waongozaji kadhaa, na hadi leo mtazamaji hupotea njiani. Piga anavyoingia, sura zake zote za karibu, na anavyoondoka. Mgongo na mikono vitapigwa kesho na mtu mwingine, sharti awe na kimo kilekile. Mwigizaji Bela Lugosi alifariki mwaka 1956, picha chache alizokuwa amepigwa zikatumiwa katika Plan 9 from Outer Space, na aliyemrithi alijifunika uso kwa joho. Joho halikuficha urefu wake.

Mpangilio wa siku

Saa 12 za kazi, ukiondoa saa moja na nusu ya chakula na kuhama chumba, zinabaki dakika 630. Shoti 25 kwa siku ni dakika 25 kwa kila moja, pamoja na kuweka taa. Ukifika saa saba mchana una shoti 6, futa onyesho zima. Usijaribu kukimbiza.

Panga kwa chumba, na ndani ya chumba panga kwa uchafu: usafi kwanza, damu mwisho. Mashati meupe ya sare ya shule hununuliwa matatu yanayofanana bila shida. Ya mitumba hayana pacha. Corman alitumia kamera mbili kwa pamoja. Ukiwa na simu mbili, ziweke upande mmoja wa waigizaji, moja pana na moja ya karibu, ili taa zisihamishwe. Funga mwanga na rangi kwa mkono kwenye zote mbili, la sivyo ukutani kutakuwa na njano hapa na buluu pale.

Mwanga

Taa moja kali nyuma ya mwigizaji, juu, nje ya fremu (eneo linaloonekana kwenye picha), na shuka jeupe mbele yake la kurudisha mwanga kidogo usoni. Basi. Makosa ya kawaida ni kuwasha taa ya dari: kila kitu kinaonekana na hakuna cha kuogopa. Kwa umeme wetu wa hezi 50, weka kasi ya shata (shutter) 1/50 na fremu 25 kwa sekunde, maana kasi nyingine huzifanya baadhi ya taa zimemeteke kwenye picha.

Usiku wa nje unaweza kuupiga mchana: jua liwe nyuma ya mwigizaji, punguza mwanga stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), mizani ya rangi ya kamera (white balance) iwe kelvini 3,200 ili picha iingie ubuluu, na anga isionekane hata kidogo. Anga ndiyo inayokuumbua.

Damu

Chemsha vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji hadi upate shira nzito, uiache ipoe kabisa. Kwa kila kikombe cha shira tia vijiko vidogo 2 vya rangi nyekundu ya chakula, kijiko kidogo 1 cha kakao, na tone moja la buluu. Bila kakao na buluu, damu hugeuka waridi chini ya taa za LED. Ikiwa nyepesi, koroga wanga wa mahindi nusu kijiko kwa maji baridi, ongeza, pasha moto tena.

Ya kwenye nguo iongezee kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya vyombo ili ifulike kirahisi. Ya mdomoni isiguse sabuni, na chupa zake ziandikwe. Rangi hubaki kwenye ngozi siku moja au mbili, kwa hiyo paka mafuta ya mgando kwanza. Shira huita sisimizi: funika ndoo, futa sakafu kila baada ya shoti.

Kama filamu ni nyeusi na nyeupe, nyekundu haihitajiki. Watu wa Night of the Living Dead walitumia sosi ya chokoleti, na shira yenye kakao nyingi hutoa weusi uleule.

Visu viwe vya mbao au kadibodi ngumu iliyopakwa rangi ya fedha. Kisu halisi "kisicho na makali" hakina nafasi.

Sauti na makaratasi

Zima friji na feni; weka ufunguo wa gari la mtu wa sauti ndani ya friji, hatasahau kuiwasha tena. Mazungumzo yafike desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti. Mayowe yarekodiwe peke yake, kiwango kikiwa chini zaidi, mwisho wa siku, kwa sababu koo likishakauka halirudi. Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa kila chumba.

Mjumbe wa mtaa na kituo cha polisi wajue tarehe na saa za mayowe. Kibali cha filamu kiombwe mapema, Tanzania ni kwa Bodi ya Filamu. Kila mwigizaji atie sahihi siku ya kwanza kabla ya kamera kuwashwa, hata akiwa shemeji. Jina la mwenye haki na mwaka viwekwe mwanzoni na mwishoni, na viangaliwe upya kila ukibadilisha jina la filamu: Night of the Living Dead ilipobadilishwa jina, msambazaji aliisahau alama hiyo, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya kila mtu.