Namna ya kurekebisha tapeti za pikipiki ya Honda XR400R, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Bamburi, ambaye XR400R yake iliwaka vizuri kila asubuhi, lakini ikishapata moto na kuzimwa njiani huko Mazeras, ilimlazimu kuipiga kiki hadi mguu ufe ganzi. Hiyo ni dalili ya kawaida ya tapeti zilizobana, yaani skrubu za kurekebisha mwanya mdogo ulio juu ya kila valvu. Chuma kinapopata joto hutanuka, mwanya mdogo uliobaki huisha, valvu hushindwa kufunga kabisa, na mgandamizo huvuja. Valvu za eksozi, zile za kutolea moshi, ndizo huumia zaidi, kwa sababu joto lake hutoka kwa kupitia viti vyake kila zinapofunga. Zisipokaa kitini sawasawa, huungua ukingoni. Mafundi wetu wengi hurekebisha tapeti kwa sikio, wakikaza skrubu mpaka mlio unyamaze, nami siungi mkono desturi hiyo hata kidogo: tapeti iliyolegea kidogo hukera masikio, ilhali iliyobana huiua injini huku ikiwa kimya.

XR400R, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2004, ina valvu nne zinazorekebishwa kwa skrubu na nati. Mwanya wa valvu za kuingiza ni milimita 0.10, na wa valvu za eksozi ni milimita 0.12, kila kimoja kikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa 0.02. Kama pikipiki yako ni ya aina nyingine, fuata kitabu chake, usiazime tarakimu hizi.

Vifaa

Utahitaji spana za kawaida, soketi za kufungulia vifuniko na kugeuzia krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ufunguo wa kushikia kichwa cha skrubu ya tapeti, na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya. Katika fila geji sina mzaha. Nunua yenye majani yaliyopinda nchani, kwa kuwa yaliyonyooka hayaingii vizuri chini ya fremu, na ukiyalazimisha yatakaa mshazari na kukudanganya. Hapa pwani hewa ya chumvi hula chuma upesi. Jani la 0.10 likishapata kutu si la 0.10 tena. Yafute kwa oili kila unapomaliza na uyahifadhi ndani ya kitambaa.

Hatua ya kwanza: injini iwe baridi

Vitabu vya Honda hutaka injini iwe chini ya nyuzijoto 35 za Selsiasi. Mombasa, hasa Februari na Machi, pikipiki iliyosimama juani hupita kiwango hicho bila hata kuwashwa. Iache kivulini usiku kucha, uianze kazi alfajiri.

Hatua ya pili: kusafisha na kufungua

Ondoa kiti na tangi. Kabla ya kugusa kifuniko chochote, puliza na kufuta vumbi lote juu ya silinda na kuzunguka plagi, kwa maana vumbi la matumbawe la njia zetu likidondokea ndani hufanya kazi ya msasa. Kisha fungua plagi, vifuniko vinne vya tapeti, na vile viwili vya upande wa kushoto wa injini: kikubwa cha kugeuzia krenki na kidogo cha kuonea alama.

Hatua ya tatu: kuiweka pistoni mahali pake

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kwa kirefu. Mtu anaweza kuwa na mkono mwepesi na fila geji ya bei kubwa, lakini kama krenki haiko mahali pake, kila kipimo atakachochukua ni cha bure.

Tia soketi kwenye krenki na uigeuze kinyume na mwelekeo wa mishale ya saa, ambao ndio mwelekeo ambao injini huzunguka ukiitazama kutoka kushoto. Tazama ndani ya tundu dogo mpaka alama ya T kwenye magneto, gurudumu la umeme lililofungwa kwenye krenki, ilingane na alama ya kifuniko. Kabla ya T utakutana na F, ambayo ni alama ya moto wa plagi. Kwa kuwa F hutangulia na huwa karibu sana na T, wapo wanaosimama hapo wakidhani wamefika. Tumia tochi, na usome herufi yenyewe badala ya kutegemea mstari peke yake.

Kuiona T hakutoshi. Katika injini ya mipigo minne krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti, shafti inayofungua valvu, kwa hiyo T hutokea mara mbili: mara moja mwishoni mwa mpigo wa mgandamizo, na mara nyingine mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, ambapo valvu za eksozi zinamalizia kufunga huku za kuingiza zikianza kufunguka. Unaitaka ile ya mgandamizo, kwa kuwa hapo valvu zote nne zimefunga. Njia ninayoiamini ni kuzitazama roka za valvu za kuingiza, yaani mikono midogo inayozisukuma valvu, wakati unageuza. Zitashuka na kufungua valvu, kisha zitapanda na kuzifunga. T inayofuata baada ya hapo ndiyo yenyewe. Ukifika, zitikise roka kwa kidole: zote zinapaswa kuwa na mchezo mdogo. Zikiwa zimekaza zote, geuza krenki mzunguko mmoja kamili na ujaribu tena. Zikikaza za eksozi peke yake, usiharakishe kulegeza skrubu, soma kwanza aya inayofuata.

Ndani ya XR400R kuna kifaa cha kupunguza mgandamizo iwapo injini itarusha kiki nyuma. Krenki ikigeuzwa upande usio wake, hata kidogo, kifaa hicho huweza kuziinua valvu za eksozi na kuufanya mwanya uonekane umekwisha. Fundi asiyelijua jambo hili huipita T kidogo, huirudisha nyuma ili ilingane, hupima, hukuta eksozi zimebana, huzilegeza, na pikipiki hutoka kwake ikigonga kama cherehani. Ukiipita T, usirudi nyuma. Endelea mbele mpaka uifikie T ya mgandamizo kwa mara nyingine. Hakikisha pia kwamba waya wa lever ya kupunguza mgandamizo, ile iliyo kwenye usukani, umelegea kidogo, kwa sababu nao ukivutwa huinua valvu za eksozi.

Usitie bisibisi katika tundu la plagi ili kuihisi pistoni ikipanda. Hukwaruza, na ikibanwa mshazari huweza kuvunja kitu. Mrija laini wa plastiki wa kunywea soda unatosha, ingawa kwa maoni yangu roka hukueleza zaidi.

Hatua ya nne: kupima na kurekebisha

Ingiza jani kati ya skrubu na ncha ya valvu. Linapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo tu. Kwa kuwa mikono haifanani, mimi hupima kwa majani matatu: kwa valvu ya kuingiza, la 0.08 lipite bila shida, la 0.10 likwaruze, na la 0.13 likatae. Andika kila kipimo kabla ya kugusa skrubu.

Panapohitaji marekebisho, legeza nati, geuza skrubu, kisha ishike skrubu isizunguke huku ukiikaza nati kwa nguvu iliyotajwa kitabuni. Nati inapokaza huivuta skrubu na kubadilisha mwanya, hivyo pima tena kila mara. Ukimaliza zote nne, zungusha krenki mizunguko miwili mpaka T ya mgandamizo, upime upya.

Hatua ya tano: kufunga

Paka oili kwenye oringi na urudishe kila kitu.

Kwa wenye pikipiki za shimu

Pikipiki kama YZ250F na CRF250R hazina skrubu; mwanya hubadilishwa kwa shimu, yaani visahani vidogo vya chuma vya unene tofauti, zilizo chini ya kamshafti. Hesabu ni moja: chukua unene wa shimu ya sasa, jumlisha mwanya uliopima, toa mwanya unaotakiwa. Shimu ya 1.80 yenye mwanya wa 0.10, pale unapotakiwa 0.20, hubadilishwa kwa ya 1.70. Kazi hiyo hudai kufungua cheni ya kamshafti, na singemshauri mtu aianze bila kitabu cha injini yake mkononi.

Hifadhi vipimo ulivyoandika, pamoja na tarehe. Valvu moja ikiendelea kubana kila unapoipima huku wenzake wametulia, uso wake au kiti chake kinaliwa, na kulegeza skrubu hakutaitibu. Anza kwa kukagua chujio la hewa na mpira unaoliunganisha na kabureta, kisha upime mgandamizo kabla hujafungua kichwa cha silinda.