Namna ya kushika nidhamu ya sekondari Pemba kwa kufuata mila za watu wake

Mwalimu anayepewa jukumu la nidhamu katika skuli ya sekondari Pemba hukabidhiwa daftari la makosa na, mara nyingi, bakora. Kabla hajavigusa, azingatie kwamba kijana aliyesimama mbele yake ameshafunzwa adabu na wengi: bibi yake, jirani mwenye ruhusa ya kumkanya njiani, na maalim wa chuo cha Kurani, alikokaa mkekani miaka mingi kabla ya kuingia kidato cha kwanza.

Anza kwa kuzisoma vyema ishara zake. Anayeinamisha macho anapohojiwa huenda hafichi lolote, kwani kwao kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Ukimlazimisha akutazame usoni, unamvuruga bure. Wala shikamoo ya kila asubuhi isikutoshe kuwa ushahidi wa tabia njema.

La pili, na hapa ndipo walimu wengi tunapokosea, tofautisha haya na fedheha. Haya humzuia mtoto asirudie kosa. Fedheha humfanya asirudi skuli. Mimi mwenyewe niliwahi kumsimamisha mbele ya mstari wa asubuhi kijana wa kidato cha pili aliyechelewa siku tatu mfululizo. Alisimama mikono nyuma, na nilipomwamuru aitoe, niliona kucha zimeingia weusi na vidole vinanukia karafuu mbichi: ulikuwa msimu, na nyumba nzima ilikesha ikichambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa sababu karafuu zikilala zimerundikana huharibika. Wiki ile hakuonekana tena. Tangu hapo, msimu unapokaribia, huonana na wazee mapema tukakubaliana mtoto aachwe alale saa ngapi, na nakushauri ufanye hivyo kabla kosa halijatokea.

Kosa likishatokea, mila inayofaa zaidi ni ya kutaka radhi. Mwite mzazi au mlezi, na ikiwa nyumbani kuna mjomba au bibi anayesikilizwa zaidi, naye aje. Wakae chumbani, si uwanjani. Mwache kijana alieleze kosa kwa maneno yake, kisha amtake radhi aliyemkosea kwa kumpa mkono, na aliyekosewa atamke kwamba amesamehe. Adhabu, kama kufidia dawati alilovunja, ipangwe hapo hapo mbele ya wote, na jambo likishamalizika lisitajwe tena darasani. Kikao kama hiki huchukua muda mrefu kuliko bakora nne, lakini kijana hutoka nacho akijua kwamba kwao na skuli wanasema neno moja.

Hata hivyo, iko mila moja ambayo mwalimu hapaswi kuifuata, nayo ni muhali, yaani kuoneana haya na kufichiana aibu kwa kuogopa kuudhiana. Kusitiriana ni jambo jema katika utoro au matusi. Katika udhalilishaji wa kijinsia, ni kumwacha mtoto mikononi mwa aliyemdhuru. Mwanafunzi wa kike akianza ghafla kutoroka, kunyamaza au kujibu kwa ukali, usimwandike kwanza katika daftari la makosa. Muulize faraghani, pamoja na mwalimu wa kike anayemwamini. Akitaja aliyemdhuru, hata awe jamaa au mtu wa heshima kijijini, usikubali kikao cha suluhu cha wazee. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, ipo kwa ajili ya kumlinda. Mpeleke siku hiyo hiyo polisi na kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachohudumia waliodhalilishwa, na umsindikize mwenyewe.