Ukingo wa tuta la maua juu ya mawe ya Goma

Huku kwetu Goma udongo tunaununua. Mtu wa Rutshuru, ambako udongo si wa kununua, anaweza kucheka, lakini sisi tunaoishi juu ya mawe ya volkano tumezoea: unaita mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anakuletea mifuko, unaimwaga juu ya mawe, ndipo unaanza kuzungumzia maua. Kwa hiyo mtu akiniuliza apande nini pembezoni mwa tuta lake, mimi namuuliza kwanza udongo wake unashikwa na nini.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Nilipoanza kazi hii ya bustani nilimpangia mama mmoja wa mtaa wa Himbi mawe mazuri kuzunguka maua yake, yamekaa juu juu kama mayai kwenye trei. Mvua ya Aprili ikapiga usiku mmoja tu. Asubuhi simu ikalia: "Fundi, njoo unikusanyie udongo wangu, uko barabarani." Nilikwenda na beleshi, nikafanya kazi siku mbili bila malipo, na yeye amekaa barazani ananiangalia.

Hatua ya 1: Kamba na hesabu

Piga vijiti vinne, funga kamba. Napenda tuta la mita 4 kwa mita 1, kwa sababu mkono unafika katikati bila kukanyaga udongo. Mzunguko wake ni mita 10. Ukitumia mawe yenye urefu wa sentimita 25 hivi, unahitaji 40. Ongeza matano, maana kuna jiwe ambalo halitaki kukaa hata ulibembeleze. Miche ikipandwa kila sentimita 15, ni kama 67 kwa mstari mmoja. Andika namba hizo kabla ya kutoka nyumbani, la sivyo utarudi na maua thelathini mazuri na ukingo wenye mapengo.

Hatua ya 2: Jiwe

Mawe hatukosi. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu walijenga tena juu yake. Ila mawe hayafanani. Chukua mawili, yapime mkononi. Lile zito, jeusi, lenye matundu machache, ndilo la ukingo. Lile jepesi lenye matundu kama sega la nyuki huvunjika ukilikanyaga mara nyingi; hilo lipasue vipande vidogo, tutalihitaji upande wa ndani.

Saruji siipendi hapa. Chini ya matuta mengi kuna bamba zima la lava, na maji yakifika hapo hayana pa kwenda. Ukiziba pembeni kwa saruji, umetengeneza beseni. Mizizi itaoza huku wewe unadhani maua yana kiu.

Hatua ya 3: Kukaza jiwe

Chimba mfereji wa sentimita 10 kufuata kamba. Ukikutana na mwamba mgumu kabla ya hapo, usijitese kwa sururu: safisha mwamba, kisha weka mawe makubwa zaidi mahali hapo.

Anza na kona. Geuza jiwe mpaka upande wake bapa utazame juu na upande mpana ukae chini. Lilaze kidogo kuelekea ndani ya tuta, kama mtu anayeegemea mlango ili usifunguliwe. Sasa simama juu yake kwa mguu mmoja. Likicheza, litoe, weka kokoto chini, rudisha, simama tena. Kila jiwe lipate mtihani huo, hata la arobaini, ambalo unalifikia umechoka na jua liko utosini.

Nyuma ya mawe, upande wa udongo, jaza vile vipande vyenye matundu pamoja na nyasi kavu. Maji yatapita, udongo utabaki. Juu ya ardhi mawe yaonekane kwa sentimita 15 hivi. Halafu mwaga udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kwa maua ya kawaida nataka kina cha sentimita 30 kwa jumla, pamoja na udongo uliokuwepo chini.

Hatua ya 4: Mmea wa ukingo

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanaona kitu kizuri kwa jirani, wanaomba tawi, wanapanda. Mmea wa ukingo uwe mfupi, usizidi sentimita 30, uvumilie makasi, na usitembee.

Chaguo langu la kwanza ni altenantera, yale majani madogo mekundu au ya njano yanayotumika kuandika majina mbele ya mahoteli na makanisa. Inataka jua, kivulini wekundu wake unafifia. Kwenye kivuli cha ukuta naweka klorofitumu, ile yenye majani marefu ya kijani na mstari mweupe, inayoning'iniza watoto wake. Kila mtoto ni mche wa bure.

Duranta ya njano inapendwa kupita kiasi, na najua nitakosana na watu. Ni kichaka kinachotaka kuwa mti. Ukisafiri miezi miwili unakikuta kimekufika kiunoni, na maua ya nyuma yake yamekosa jua. Tena matunda yake madogo ya rangi ya chungwa ni sumu, na watoto huvutwa na rangi. Kama una mtu wa kuikata kila mwezi, haya, panda.

Tradeskantia, ile ya zambarau inayotambaa, inashika udongo vizuri sana, lakini kila kifundo kinachogusa ardhi kinatoa mizizi. Baada ya mvua moja utaing'oa ndani ya gazoni, zile nyasi za bustani. Nanaa ni ndugu yake kwa tabia. Ibaki kwenye chungu.

Kwa tuta la mboga, ukingo wa seleri, persili au vitunguu majani unatosha, na mama wa nyumba anavuna akipita. Mchaichai, sitroneli kwa Kifaransa chetu, ni mrefu mno kwa mbele, lakini tuta likiwa mtelemkoni upange upande wa chini: mizizi yake inashika udongo kwa nguvu.

Hatua ya 5: Kupanda

Subiri mvua ya Septemba izoeleke. Kata matawi ya altenantera ya sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, zamisha vifundo viwili, bana udongo kwa vidole. Mstari mmoja ukionekana mwembamba, ongeza wa pili kwa kupishana. Baada ya wiki mbili au tatu vuta tawi taratibu: likikuvuta nawe, limeshika.

Hatua ya 6: Maji na makasi

Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, ndiyo miezi ya bidoni, yaani dumu la maji. Toboa kifuniko cha bidoni kuukuu kwa msumari, matundu kumi hivi, mwagilia jioni, polepole, maana hapa maji ya haraka yanazama kwenye mawe kabla mizizi haijayaonja. Moshi wa volkano ukishuka na mvua, majani laini hupata madoa ya kuungua. Kata sehemu hizo, mmea utachipua.

Wakati wa mvua kata kila wiki tatu au nne. Vilivyokatwa mwezi wa Mei usivitupe: vichomeke kwenye beseni bovu lililotobolewa chini, weka kivulini karibu na mahali mnapooshea vyombo. Septemba ikifika, vitakuwa tayari kuziba mapengo yaliyoachwa na kiangazi na kuku wa jirani.