Namna ya kumuuliza babu aliyekata mkonge alifanya kazi saa ngapi kwa siku

Usianze na "Babu, mlikuwa mnafanya kazi saa ngapi kwa siku?" Mimi nilianza hivyo kule Korogwe, akanicheka. Mkata mkonge hakuhesabu saa, alihesabu matita. Basi muulize nyapara alitaka matita mangapi, tita moja lilikuwa na majani mangapi (babu yangu anasema 30), na kutoka kambini hadi shambani ni mwendo gani. Kisha muulize alirudi kula mchana au jioni. Mwenye nguvu alimaliza jua halijawa kali. Mwenye homa alikutwa na magharibi hukohuko.

Halafu ingia kwenye kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Hapa usiwe na haraka. Siku isiyowekwa alama haikuwa siku, hata kama aliamka alfajiri, na mshahara ulisubiri kadi ijae. "Mwezi" wake ungeweza kufika wiki sita.

Unapoandika, akisema saa kumi na mbili asubuhi, usije ukaandika 12:00. Mimi niliharibu ukurasa mzima.

Na beba ugoro. Bila ugoro, babu yangu husinzia.